Bustani ya Fundi Baridi

Fundi Baridi alikuwa na kasoro moja ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa kipaji: hakuweza kumngoja mtu amalize kusema. Mteja akiingia kwenye karakana yake na kuanza, "Fundi, friji yangu tangu juzi ina...", yeye alikuwa ameshadakia kuwa inanguruma lakini haigandishi, na mara nyingi alipatia. Watu walicheka, wakasema huyu hafungui majokofu tu kwa bisibisi, hata mioyo anaifungua. Jina la Baridi lilitokana na kazi yake ya majokofu na viyoyozi. Kwa tabia alikuwa moto wa kifuu: mwepesi wa kuamka, mwepesi wa kusaidia, mwepesi wa kujibu swali ambalo bado halijaulizwa.

Wepesi wa maneno aliurithi kwa mama yake, ila subira hakuirithi. Mama yake alikuwa muuza mitumba sokoni, na mdomo wake ndio uliokuwa duka. Aliweza kumvisha mtu koti zito katikati ya joto, na mtu akaondoka anashukuru. Lakini alijua pia kunyamaza. Alikuwa akisema mnunuzi ni kama maziwa jikoni: ukimkokea moto mwingi, anamwagika.

Kiharusi kilimkuta hapo hapo sokoni, akiwa ameinamia robota la nguo. Kilimwachia uhai, kikamnyang'anya nguvu za mkono na mguu wa kulia, pamoja na sehemu kubwa ya kauli. Maneno yalikuwa bado yamo, yamejaa tele kifuani, ila mlango wa kutokea ulikuwa umekuwa mwembamba. Yalitoka moja moja kwa kusukumana, na mengine yalitoka yamevaa nguo za wenzao: akitaka sahani alisema samani, akitaka maji alisema majira. Mwanzoni walicheka wote, na yeye alikuwa wa kwanza kucheka. Dada wa hospitali aliyekuwa akimfundisha kusema upya aliwakalisha chini, mama na mwana, akamgeukia mwana.

"Usimmalizie sentensi zake," alimwambia. "Mngoje, hata kama itachukua..."

"Muda mrefu, ndiyo, nimeelewa," akasema Fundi Baridi.

Alimchukua mama yake akaishi naye. Fundi aliachana na mkewe zamani, na alikaa peke yake ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Kilikuwa chumba cha kulala, sebule, na jiko ambalo ukifungua mlango wa kabati lazima utoke nje kwanza. Chumba cha kulala alimwachia mama, yeye akahamia kwenye kochi. Dirisha la maana lilikuwa moja tu, la sebuleni, pana, linalotazama mtaa mwembamba na jengo la ng'ambo. La jikoni lilitazama ukuta. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda karakanani alimkalisha mama yake kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha la sebuleni, akamwekea chai, redio na kengele ndogo ya kumwita jirani wa chini, mama mmoja mkarimu aliyekuwa akipanda mchana kumletea chakula. Jioni alimkuta pale pale. Mtu aliyeishi nusu ya umri wake katikati ya makelele ya soko sasa alikaa na redio isiyomsubiri ajibu.

Hilo lilimuuma mwanawe. Dada yake mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali, alipiga simu kila baada ya siku chache kumkumbusha: mama asiachwe akakauka, atafutiwe kitu cha kumshughulisha. Fundi alijibu ndiyo dada, ndiyo dada, na hakujua aanzie wapi.

Siku moja aliitwa kwenye nyumba ya mteja kurekebisha kiyoyozi. Ukutani akaona mabomba meupe yametobolewa matundu, na katika kila tundu umeota mche wa saladi, kijani kibichi, bila chembe ya udongo. Mizizi ilining'inia ndani ya maji kama ndevu. Mwenye nyumba alimweleza kwamba maji yametiwa virutubisho, pampu inayazungusha, na mimea inakula humo humo. Fundi alisahau kiyoyozi. Mtu wa mipira, pampu na maji aliona kazi yake mwenyewe imechanua majani. Alirudi nyumbani moyo ukimwenda mbio, na njiani akajiambia kwamba amepata: atamjengea mama bustani.

Alisema ni kwa ajili ya mama, na hakuwa anadanganya. Lakini kusema kweli, yeye ndiye aliyekuwa na kiu ya kitu kinachoota. Macho yake yalikuwa yamechoka na chuma, gesi na kutu.

Alianza kukusanya chupa kubwa za plastiki, mpaka jirani wa chini akamuuliza kama siku hizi ameacha ufundi anaokota taka. Kila chupa aliikata dirisha ubavuni, akaitoboa chini, akaipindua kichwa chini miguu juu na kuifunga kwa kamba juu ya mwenzake, ili maji ya hii yadondokee katika ile. Pampu aliitoa kwenye kiyoyozi kibovu, ile ndogo ya kusukuma maji ya umande. Saa ya kuiwasha na kuizima aliitoa kwenye jokofu la zamani ambalo mteja alilitelekeza karakanani. Chini akaweka ndoo yenye maji ya virutubisho, na mpira mwembamba wa kuyapandisha juu. Miche aliiotesha kwenye vipande vya sponji, kisha akaipanda ndani ya makumbi ya nazi yaliyooshwa. Mara ya kwanza maji yalimwagika sebule nzima, na mama akainua miguu yake akicheka kwa sauti aliyokuwa hajaitoa tangu augue. Mara ya pili maji yalifanya ukungu wa kijani kwa kupigwa na jua, akalazimika kuipaka ndoo rangi nyeusi. Mara ya tatu ikakubali.

Siku aliyokuwa akizitundika chupa kwenye fremu ya dirisha, mama yake aliinua mkono wa kushoto.

"Hapa... hapana," alisema. "Mtu... mtu ata..."

"Hakuna mtu atakayetuona tena humu ndani, ndiyo mama," akadakia mwanawe, msumari mdomoni. "Majani yakikua yatakuwa pazia. Utakaa kwa raha zako."

Mama aliukunja uso, akalitafuta neno, akalikosa. Nyundo ikaanza. Alipolipata, nyundo ilikuwa imelimeza kwa kelele, na aliyesemewa alikuwa amempa mgongo.

Bustani ilishika. Saladi ilitanda, spinachi ikafuata na majani mapana kama kiganja, nanaa ikajitambaza kwenye kamba kama vile ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Jirani wa chini alipanda kuja kuangalia, akaleta na wengine. Dada mtu alitumiwa picha, akapiga simu kumbariki mdogo wake mpaka akakosa pumzi. Sebule ilikuwa na kivuli baridi cha kijani, na asubuhi jua lilipenya kwa matone matone. Fundi alitoka kazini akikaza mwendo, akijua kuna kitu kinamngoja. Jioni alikagua mizizi, akapima maji, akamwonyesha mama kila jani jipya. Mama aliitikia kwa kichwa. Hakuwa akicheka sana siku hizo, lakini Fundi alisema ni ugonjwa, una kupanda na kushuka.

Jioni moja alikuta majani yamenyofolewa katikati ya dirisha, usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Alifurahi kupita kiasi. Alimwambia mama yake kuwa sasa amekuwa mkulima kamili, anavuna mwenyewe. Kisha, kwa kuwa aliona chupa za pale zimekuwa tupu na hazipendezi, akazisogeza pembeni, akaleta nyingine zilizojaa nanaa. Siku chache baadaye majani yakanyofolewa tena pale pale, na yeye akajaza tena.

Ikafika siku mama akamshika shati alipokuwa akiaga asubuhi. Aliinua mkono wake mzima, akautikisa hewani.

"Mwenzangu," alisema. "Mkono... mwenzangu... mkono..."

"Mkono unakuuma," akasema Fundi. "Kwa nini hukuniambia?"

Aliweka begi la vifaa chini, akaenda kuchukua mafuta, akaukanda mkono ule, tena kwa upole wote aliokuwa nao, kuanzia begani hadi kwenye vidole. Mama alimtazama akiukanda, machozi yakamtoka. Mwanawe akadhani ni maumivu, akazidisha mafuta. Tangu siku hiyo mama hakunyofoa majani tena, wala hakumshika shati.

Miezi ilipita. Msimu wa joto ulipoingia, kazi zilikuwa nyingi kama kawaida, na simu moja ilimwita jengo la ng'ambo, ghorofa ya tatu. Hakwenda mbali, alivuka mtaa na begi lake. Alifunguliwa mlango na binti mmoja, mshonaji, mwenye futi ya kupimia shingoni na maboksi yaliyofungwa kwa kamba nyuma yake. Alimweleza kuwa anahama, anakwenda kukaa na kaka yake. Friji ilikuwa ya marehemu mama yake, na hataki kuiuza ikiwa mbovu watu wakasema mama mtu aliacha mkosi.

Fundi alimpa pole. Aliinama nyuma ya jokofu, akakuta tatizo dogo tu, na alipoinuka kunyoosha mgongo macho yake yaliangukia dirishani. Pale palikuwa na kiti cha mikono kilichobonyea katikati, hakijafungwa pamoja na vitu vingine. Na ng'ambo ya mtaa, karibu kiasi kwamba angeweza kurusha limau likaingia, lilikuwapo dirisha lake.

Hakuwahi kuliona kutoka nje kwa usawa ule. Lilikuwa ukuta wa chupa na majani. Usingejua kama ndani kuna mtu.

Binti alimwona anatazama, akadhani anakitamani kiti.

"Hicho siuzi," alisema. "Alikuwa anakaa hapo kutwa nzima, miguu ilimvimba hata ngazi akawa hawezi. Alikuwa na rafiki yake dirisha lile la majani."

Fundi Baridi aligeuka kutoka dirishani, akamtazama.

Binti akaendelea huku akikunja nguo. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana, alisema, wala hawakujuana majina. Kila asubuhi walipungiana mikono kama watu wanaoagana bandarini. Mama yake alikuwa akitoa nguo kwenye kamba, gauni, shati, hata shuka, akaiinua juu, na yule wa ng'ambo akataja bei kwa vidole vya mkono mmoja. Mama yake akakataa kwa kichwa, yule akaongeza, mpaka wakaafikiana na wote wakacheka mpaka wakajifuta macho. Nguo zile zile ziliuzwa kila wiki. "Mimi nikitoka dukani nimechoka, namkuta mama amefanya biashara kunishinda."

"Kisha?" akauliza Fundi.

"Kisha wakaliziba dirisha. Walianza kupanga machupa, majani yakaota. Mama alikuwa anaamka anapunga tu, labda kuna upenyo. Mara moja moja alisema ameona jicho, au kidole. Baadaye hakuona kitu. Akaniambia mwenzake amekufa. Nikamwambia mama, labda wamehama. Akasema hapana, dirisha la mtu aliye hai haliwezi kuzibwa." Binti alitia nguo ndani ya boksi, akaisawazisha kwa kiganja. "Akakaa matanga peke yake. Chakula akakigeuzia uso. Na yeye hakukaa sana."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Fundi alijua hivyo hata akiwa amesimama pale na bisibisi mkononi. Ilikuwa aseme tu: lile ni dirisha langu, na mama yule yu hai. Lakini ulimi ule uliokuwa ukiwadakia watu wote maneno yao ulikwama kwenye maneno yake mwenyewe. Alisema friji imepona. Alisema asante, pole tena. Akashuka ngazi.

Hakurudi karakanani. Alipanda kwake, akamkuta mama yake ameketi uso ukiielekea redio. Fundi hakuvua hata viatu. Alichomoa pampu, akakata kamba, akaanza kushusha chupa moja moja na kuziweka sakafuni, maji yakimtiririkia kwenye mikono ya shati. Kila safu aliyoishusha ilimletea jambo. Yale majani yaliyonyofolewa hayakuwa mavuno, lilikuwa tundu la kuchungulia. Mkono ule haukuwa unauma. Na yule "mtu" wa siku ya kwanza alikuwa mtu kweli. Mwanga uliingia sebuleni wote kwa mara moja, mpaka mama yake akaziba macho kwa kiganja.

Alipokitoa kiganja alitazama ng'ambo. Kiti kilionekana, kitupu. Alikitazama kwa muda, halafu akamgeukia mwanawe, na swali zima lilikuwa usoni mwake, halihitaji neno.

Fundi alipiga magoti kwenye maji.

"Amefariki, mama," alisema. "Nimetoka kwake sasa hivi. Mtoto wake ameniambia."

Mama hakulia. Midomo yake ilianza ile kazi yake ya kuvuta maneno kutoka mbali. Fundi alihisi sentensi tatu zinamjia kinywani, za kumpoza, za kujitetea, za kumwombea marehemu. Akazimeza. Alingoja. Nje magari yalipita, muuza mifagio akatangaza bidhaa yake mtaa mzima hadi akaishia kona, na yeye bado anangoja.

"Mimi," alisema mama. "Mimi... nilikuambia."

"Uliniambia, mama. Mimi sikusikia."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia si kitu, maana ilikuwa kitu. Baada ya hapo alianza kumsimulia, na masimulizi yalichukua mchana wote uliobaki: gauni la maua, shuka iliyopasuka ambayo aliigomea kabisa, siku ambayo mwenzake alijaribu kuuza pazia la dirisha akabaki anaonekana na mtaa mzima. Gauni alisema gari, shuka akasema chuki, kisha akajirekebisha mwenyewe. Mara nyingi alikwama. Fundi aliona neno liko wazi, angeweza kumpa, na hakumpa. Jirani wa chini alileta chakula, akaona maji sakafuni na wawili wale wametulia hivyo, akaacha sahani mlangoni.

Kesho yake mapema Fundi alivuka mtaa. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno: atajitambulisha, atamwambia yule binti kuwa mama yake hakuachwa, alikuwa akitafutwa kila siku kutoka upande wa pili wa majani, na atamwomba apande kwao akaonane na mgonjwa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mpaka rangi na ngazi yake, na alama ya mguu wa kiti kwenye sakafu karibu na dirisha. Yule binti, alisema mpaka rangi, gari lake liliondoka jana jioni. Namba ya simu aliyompigia Fundi ilikuwa ya duka la ushonaji, na dukani walimjibu kuwa ameacha kazi, hawajui huko kwa kaka ni wapi. Fundi aliendelea kuuliza kwa mafundi cherehani wa mtaani kwa muda mrefu. Wote walisema wakimwona watamwambia.

Wapangaji wapya waliingia, vijana wanaofanya kazi za zamu na kulala mchana. Walitundika pazia zito jeusi, halikufunguliwa asubuhi wala jioni. Mama alilitazama siku ya kwanza, ya pili, na siku zilizofuata, mkono wake wa kushoto ukiwa umetulia mapajani. Chupa zilikuwa bado zimepangwa jikoni, mimea ikinyauka kwa kukosa mwanga.

"Rudisha," alimwambia mwanawe jioni moja.

Fundi alikaa chini, akangoja kama kuna zaidi.

"Majani... rudisha. Hayana kosa."

Akayarudisha. Aliacha nafasi katikati, pana kama uso wa mtu, na hakuna aliyeizungumzia. Alifunga karakana mchana akawa anarudi kula na mama yake, na wateja wakaona fundi wao amebadilika: unaanza kumweleza ubovu wa friji, anakutazama tu mpaka umalize, kisha anauliza kama kuna lingine. Wengine waliona amezeeka ghafla.

Mimea ilishika tena, vizuri kuliko mwanzo. Spinachi ikawa nyingi kuwashinda, wakawa wanawagawia watu wa jengo. Jirani wa chini alipokea fungu lake mlangoni, akamtazama Fundi Baridi kwa macho ya upendo, akasema laiti kila mama angejaliwa mtoto mwenye kumfikiria hivi. Fundi alimngoja mpaka akamaliza. Akamshukuru, akafunga mlango taratibu, akarudi kukaa karibu na mama yake, ambaye alikuwa ameshaanza neno na bado hajalimaliza.